Siku Baba Aliposhika Breka Kisiwani Remba

Baba yangu alikuwa na miaka sabini na mmoja alipokuja kunisaidia kazi kwa mara ya kwanza, na alikuja bila kuombwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita nyumbani kwake Macalder, nikielekea Sori kuchukua boti ya kwenda Remba. Mwenzangu wa kazi, ambaye kwa miaka mingi tumefunga mitambo pamoja kuanzia Migori mjini hadi Kendu Bay, alikuwa amenipigia simu akitetemeka kwa malaria. Nikawa nimekaa barazani kwa baba, kikombe cha chai mkononi, nikiwaza nimpigie nani.

"Kuna nini?" baba akauliza.

"Nimekosa mtu wa pili. Kuna mzigo ambao haubebwi na mtu mmoja."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gambuti na ile kofia yake ya ngozi anayoivaa kanisani, na mkononi ana mfuko wenye shati la kubadilisha.

"Twende," akasema.

Nilimwambia kwamba kazi ile ina sheria zake na kwamba huko nitakuwa mimi ndiye wa kutoa amri. Akaitikia haraka mno, kama mtoto aliyeahidiwa safari, na mimi nikajua hajasikia hata neno moja.

Baba alichimba dhahabu kwa mikono zaidi ya nusu ya maisha yake. Alituvisha, akatulisha na kutusomesha kwa yale mashimo. Nilipomaliza sekondari alitaka niwe nesi. Nikasomea umeme na mitandao ya kompyuta, na tangu hapo alikuwa hajui awaambie watu nini. Akiulizwa binti yake anafanya kazi gani alikuwa akijibu, "Yuko kwa mambo ya simu," kisha anauliza habari za mvua. Sikumlaumu. Nesi anaonekana. Mtu anayefunga nyaya nyuma ya mlango uliofungwa haonekani.

Boti ilitufikisha Remba kabla jua halijakuwa kali. Kisiwa hicho ni mwamba uliojaa watu: mabati yamebanana hadi ukingoni mwa maji, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu kila mahali penye nafasi ya kuweka mguu, redio kumi zinapiga nyimbo kumi. Wabebaji walitusaidia kupandisha maboksi hadi zahanati, na mlangoni tukapokelewa na daktari.

Alikuwa mwanamke wa makamo, Mkuria kutoka upande wa Kehancha, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Kwa sababu yeye hakujua Kijaluo cha kutosha na sisi hatukujua Kikuria kabisa, hapo zahanati tulizungumza Kiswahili. Alitupeleka kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magodoro. Alikuwa amekifagia na kukipiga deki mwenyewe.

"Nimengoja hii kitu kwa muda mrefu," akasema. "Nina mashine ya kuangalia mtoto tumboni. Nikiona kitu nisichokielewa, namuweka mama kwa boti aende Homa Bay, ziwa likiwa shwari ama likiwa limekasirika. Sasa nataka picha iende, mama abaki."

Kisha akaongeza, kama mtu anayeungama, "Mwenyekiti amealika watu. Atakuja saa sita kuwasha."

Mwenyekiti alikuwa kiongozi wa wavuvi wa bichi ile, yaani ufuo wa kushushia samaki. Kumbe alikuwa ametangaza kwamba intaneti ya zahanati itazinduliwa siku hiyo kwa maombi na hotuba, na yeye ndiye atakayebonyeza. Nikatazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Tukaanza. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvua pete yangu ya ndoa na kuitia mfukoni, na kumwomba baba avue saa na bangili yake ya shaba.

"Hii ni ya baridi yabisi," akasema.

"Shaba inapenda umeme kuliko inavyompenda baba."

Akaivua. Nikaenda kwenye boksi la umeme ukutani, lililokuwa likipokea nguvu ya sola kutoka kwenye paa, nikazima breka ya chumba chetu, nikaifunga kwa kufuli ndogo na kutundika kadi niliyoandika kwa wino mwekundu: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Ufunguo nikautia mfukoni pamoja na pete.

Baba aliitazama ile kufuli kwa muda. "Kwa hiyo aliye ndani ndiye anashika ufunguo," akasema.

"Ndiye huyo."

"Kule shimoni pia hakuna aliyegusa kamba mpaka aliye chini aivute mara mbili." Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikaona ameanza kunisikiliza.

Raki ni kabati la chuma lenye nguzo nne, ambalo vifaa vya mtandao hufungwa ndani kwa skrubu, kimoja juu ya kingine. Letu lilinifika kifuani. Tulilisimamisha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma, nikaweka pimamaji juu yake, tukatoboa sakafu kwa drili ya betri na kulifunga kwa bolti nne. Baba alikaza bolti mbili kwa nguvu iliyonifanya nimwombe asipasue simiti ya watu.

Kisha tukagombana juu ya betri. Kifaa kizito kuliko vyote ni yupiesi, ile betri ya akiba inayoshikilia mitambo umeme ukikatika. Baba aliikumbatia peke yake akataka kuiweka rafu ya juu kabisa.

"Weka chini," nikasema. "Na usibebe peke yako."

"Ndiyo kubwa. Kubwa hukaa juu, watu waione."

"Baba, hii si meza ya wageni. Ukiweka uzito juu, siku bolti zikilegea kabati litamwangukia daktari."

Hakuridhika. Palikuwa na rafu ya vitabu ya daktari pale pembeni, nyepesi, haijafungwa popote. Nikaweka kreti ya soda juu yake na kumwambia aisukume kwa kidole. Ikayumba, akaidaka kwa mikono miwili huku macho yamemtoka. Nikaihamisha kreti chini. Akasukuma tena, mara mbili, mara tatu, kwa mkono mzima. Rafu ikakaa.

"Chini," akasema, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Tukaibeba betri pamoja, magoti yamekunjwa, migongo imenyooka, mimi nikihesabu. Baada yake tukafunga swichi, kile kifaa chepesi chenye matundu mengi kinachogawa mtandao, na ruta, ile inayouingiza mtandao, juu yake. Ungo wa redio unaopokea mtandao ulikuwa tayari umefungwa kwenye mlingoti na wenzangu wiki iliyotangulia, ukielekea bara. Nilipanga nyaya, nikazifunga kwa vikanda, za umeme upande wa kushoto, za mtandao upande wa kulia. Baba aliandika vibandiko kwa herufi kubwa za shule ya zamani. Alipata raha sana na vile vibandiko. Aliandika hata kimoja cha dirisha.

Ilipokaribia saa tano na nusu nilifungua kufuli na kuwasha breka ili nipime soketi kabla ya kuchomeka chochote. Hapo ndipo furaha ya asubuhi iliponitoka. Mita ilinionyesha umeme upo, lakini waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano unaopaswa kubeba umeme uliopotea njia na kuupeleka udongoni usimguse mtu, haukuwa ukifanya kazi. Nikauzima umeme tena, nikafunga kufuli, nikaufuata ule waya kwa mkono hadi nje. Ulishuka ukutani vizuri, umepakwa rangi, ukaingia kwenye simiti. Nikachokoa simiti kwa bisibisi. Ukaishia hapo hapo, umekunjwa kama mkia wa panya. Fundi fulani wa zamani aliuweka wa kuonekana tu.

Miaka mingi nyuma, katika chumba cha nyuma cha duka moja Migori mjini, nilishika kabati la chuma ambalo waya wake wa ardhi ulikuwa hivyo hivyo. Nilirushwa hadi kwenye magunia ya sukari. Yale magunia ndiyo yaliyoniokoa, na hadi leo nina alama nyeupe kwenye kiganja. Kwa hiyo sikuhitaji kufikiri.

Mwenyekiti alifika na watu wapatao thelathini nyuma yake. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, amevaa koti la suti juu ya kaptura.

"Madam, tuko tayari," akasema. "Nibonyeze wapi?"

"Bado, mwenyekiti. Leo pengine haitawaka."

Daktari alinitazama, na nikaona uso wake ukishuka. Nikamweleza mwenyekiti taratibu, mbele ya wote, kwamba raki ni chuma, na chuma kisicho na waya wa ardhi kinaweza kumpiga shoti yeyote atakayekigusa. Kwamba watakaokigusa ni daktari na nesi, tena mara nyingi mikono ikiwa bado na maji ya kunawa.

"Lakini umeme si unakuja? Tuwashe leo kwa ajili ya maombi, hiyo waya mtaleta kesho."

"Ufunguo ninao mimi," nikasema, "na siutoi."

Sikusema kwa ukali. Yeye alikuwa mkubwa wa pale na mimi nilikuwa mgeni. Ndipo baba akavua kofia, akapita mbele, akamwamkia mwenyekiti kwa Kijaluo kama wanavyoamkiana wazee, akamshika mkono na hakuuachilia.

"Ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili ili daktari asikie, "mimi nimeshuka chini ya ardhi miaka arobaini. Wale walioshuka kabla kamba haijapimwa, nimewazika. Huyu ni binti yangu. Akisema bado, ni bado."

Kisha akanigeukia, akaniita binti yangu kwa Kijaluo. "Nyara, hiyo waya inataka nini?"

"Inataka udongo wenye unyevu. Fimbo ya shaba ninayo kwenye begi. Lakini hapa ni mwamba mtupu."

"Mwamba hauna tabia ya kuwa mtupu," akajibu, na akaomba mtaimbo.

Kilichofuata nimekisimulia mara nyingi na bado nacheka. Baba alizunguka zahanati akigonga mwamba kwa ule mtaimbo, kichwa kimeinama, akisikiliza, na watu thelathini waliokuja kwa hotuba wakamfuata nyuma kimya kama wako ibadani. Alipita nyuma ya jiko. Akapita nyuma ya bafu la wagonjwa, mahali maji ya kuoga yanapotokea, akagonga, akarudi, akagonga tena. Mlio ulikuwa mzito.

"Hapa kuna ufa," akasema. "Ufa umejaa udongo, na udongo unakunywa maji ya bafu kila siku. Chimbeni."

Yeye mwenyewe hakugusa koleo. Nilimkataza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitii bila maneno. Wavuvi waliokuwa wamepumzika walichimba kwa zamu. Baada ya muda mwenyekiti naye akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akaingia shimoni. Alichimba vizuri kuliko wote. Udongo ulitoka mwekundu, kisha mweusi, kisha unyevunyevu, na baba akawa anausugua kati ya vidole kama aliyetarajia kuona kitu kinachong'aa.

Nikawaambia tunahitaji mkaa na chumvi, kwa sababu ukizungushia fimbo ya shaba tabaka la mkaa na tabaka la chumvi na kumwaga maji, ardhi inapokea umeme vizuri zaidi. Mama mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, mnene, mwenye kanga iliyojaa magamba ya samaki, akacheka hadi akashika ukuta.

"Fundi umekuja kisiwa cha mbuta kutafuta chumvi?"

Biashara yake ilikuwa kukausha mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwa chumvi. Akaondoka, na baada ya dakika chache akarudi na wanawake wenzake wawili wakiwa wamebeba mabeseni mawili ya chumvi na la tatu la mkaa. Wakashuka wao wenyewe kuipanga, tabaka kwa tabaka, wakisema hakuna mwanamume anayejua kutandaza chumvi. Tukashindilia fimbo, nikaunganisha waya mpya mnene, tukamwaga ndoo sita za maji ya ziwa, tukafukia.

Nina kifaa cha kupima ardhi, cha manjano, chenye nyaya tatu. Nilipokichomeka watu wote waliinama kukitazama ingawa hakuna aliyejua kinasema nini. Kipimo cha kwanza hakikunipendeza. "Ndoo nyingine," nikasema. Zikaja nne. Tukasubiri. Nikapima tena, na nikahisi tabasamu likinijia kabla sijalitaka. Mama wa mbuta aliona uso wangu, akapiga kigelegele, na hapo kila mtu akajua.

Nikarudi ndani, nikakagua kila skrubu upya, nikaunganisha raki yenyewe na ule waya, nikafungua kufuli, nikawasha breka na kupima soketi. Kila namba ilikaa mahali pake. Kisha nikampa baba kazi ambayo kawaida ni ya mwenzangu: asimame kwenye boksi la umeme, mkono juu ya breka.

"Nikisema zima, unazima kwanza. Maswali baadaye."

"Sawa, bosi," akasema. Hakuwa anatania.

Mwenyekiti aliingia, matope hadi magotini, amevaa tena koti lake. Nilimwonyesha kitufe cha yupiesi. Alitaka kuanza hotuba, akatutazama tulivyochoka, akasema tu, "Mungu aibariki," na akabonyeza. Betri ikalia mlio mfupi, feni ikaanza kuzunguka. Nikasubiri, nikanusa hewa, nikagusa ubavu wa chuma kwa mgongo wa mkono. Poa. Nikawasha ruta peke yake. Tukangoja taa yake ipepese na kutulia. Kisha swichi, na vijitaa vyake vya kijani vikawaka kimoja baada ya kingine, mstari mzima. Nimeviona vijitaa hivyo mara mia. Baba alikuwa hajaviona hata mara moja. Alibaki ameshika breka, kofia imeenda upande, mdomo wazi.

"Naweza kuachilia?" akauliza baada ya dakika kumi.

Nilikuwa nimemsahau pale. "Achilia, baba."

Daktari hakungoja sherehe. Alikuwa na mama mjamzito aliyelala chumba cha pili tangu asubuhi, ambaye tumbo lake lilikuwa limekua kuliko miezi yake, na alikuwa amepanga kumpandisha boti jioni hiyo. Alifunga mlango, akampigia kwa video daktari wa akina mama aliyekuwa Homa Bay mjini. Mimi na baba tulikaa nje kwenye benchi, laptopu magotini kwangu, nikitazama mtandao usije ukayumba. Haukuyumba. Ndani tulisikia sauti ya mwanamume kutoka mbali ikisema, "Sogeza kidogo kushoto. Rudi hapo. Sasa hesabu vichwa." Halafu tukasikia kicheko cha mwanamke, kirefu, kisichoisha, na cha daktari juu yake.

Mlango ulipofunguliwa mama mwenyewe ndiye aliyetoka, amejifunga leso, anajifuta machozi.

"Ni wawili," akatuambia, kana kwamba sisi ndio tuliowaweka. "Wote wazima. Amesema nisiende popote leo."

Kwa Wajaluo mapacha hawatafutiwi majina. Huja nayo tayari, la anayetangulia na la anayefuata. Wale wanawake wa chumvi wakaanza pale pale kuliita tumbo kwa majina yote mawili, wakibishana ni yupi atakayetangulia. Mwenyekiti sasa akapata nafasi ya kutoa hotuba yake, na ilikuwa fupi na nzuri. Daktari alinishika mkono, akaingia ndani akatoka na sinia.

Tulikula mbuta wa kukaanga na ugali wa wimbi uani pa zahanati, watu wengi kwenye sinia moja. Baba aliwasimulia wavuvi tofauti ya swichi na ruta. Alizikosea zote mbili. Nilimwacha.

Boti ya kurudi Sori iliondoka jua likiwa bado juu. Maji yalikuwa yametulia, na upepo ulileta harufu ya omena hadi tukafika mbali. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba vidole havikunjiki, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Katikati ya safari baba akaanza kuimba wimbo wa kanisani, chini chini, akikosea ubeti wa pili. Nahodha akaudaka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia gunia akauchukua. Na mimi nikaingia na sauti ya juu, tukauimba wote hadi tukaona mabati ya Sori.